Jinsi ya Kumtoa Jasho Muuza Spika Ndogo

Nenda dukani ukiwa umeshiba, umelala vizuri na huna haraka. Muuzaji wa seti za sinema ya nyumbani amejiandaa kuliko wewe. Ana filamu yenye milipuko, ana rimoti mkononi, na ana vispika vitano vinavyoenea kiganjani ambavyo, kwa mujibu wa bango lililo nyuma yake, vinatosha kugeuza sebule yako kuwa ukumbi wa sinema. Wewe una pesa tu. Mwongozo huu unakuongezea maswali, flashi yenye sauti tatu, na kanga moja.

Wapenzi wa sauti safi, wale wanaoweza kukesha wakibishana juu ya spika, wamezishuku seti hizi kwa zaidi ya miaka thelathini. Naungana nao kwa sababu moja. Nyingi ya seti hizi zinakula ile sehemu ya sauti ambamo binadamu anaongea na kuimba, halafu zinauzwa kwa bei ya kitu kizima. Mtu aliyejinyima miezi kadhaa apate muziki nyumbani kwake anastahili kuupata wote.

Anza na kibandiko. Usikubali kuanza na sauti, maana ukishasikia mlipuko wa kwanza akili inahama. Mbele ya boksi utaona tarakimu kubwa: wati 5,000, wati 10,000, na pembeni yake herufi nne ndogo, PMPO. Isome kwa sauti ili muuzaji asikie. Kisha muombe aigeuze sabufa uone mgongo wake, pale panapoingia waya wa umeme. Hapo pana kibandiko cha pili, kidogo, ambacho watu wa matangazo hawakukigusa: volti 220 mpaka 240, hezi 50, na wati ambazo mashine inazila kutoka ukutani. Mara nyingi ni 40, au 60, au 100.

Pigeni hesabu pamoja. Wati 10,000 ukizigawanya kwa volti 230 unapata zaidi ya ampea 43. Plagi ya miguu mitatu tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi isiyozidi ampea 13, kwa hiyo inapitisha wati 3,000 hivi na basi. Seti ingekuwa inatoa kweli kilichoandikwa mbele, fyuzi ingekatika kabla shujaa wa filamu hajafungua mlango wa gari. Na hata umeme ungekubali, mechi moja ya dakika 90 ingekula uniti 15. Weka kalamu chini, umuulize kwa adabu:

“Kaka, mgongoni inasema inakula wati 60. Hizi nyingine inazitoa wapi?”

“Bosi, hiyo ni PMPO. Ni nguvu ya muziki.”

“Sawa, mdogo wangu. RMS yake ni ngapi?”

“Hiyo hawajaandika, bosi. Ila inapiga balaa.”

Hapo ndipo jasho la kwanza linapotoka, na halimtoki kwa sababu ni mtu mbaya. Kapewa boksi na bango, akaambiwa auze. PMPO haina kipimo kilichokubaliwa: kila kiwanda hujipigia hesabu kinavyopenda, kikichukua kilele cha sekunde isiyo na urefu, kikakijumlisha kwa spika zote, kisha kikazidisha mpaka tarakimu ipendeze. RMS ndiyo nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuungua wala kukwaruza. Marekani walichoka na mchezo huu mapema. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliweka kanuni inayomlazimisha kila anayetangaza nguvu za amplifaya ya nyumbani ataje wati za mfululizo. Huna haja ya kungoja kanuni. Mgongo wa sabufa ni kanuni ya kutosha, kwa kuwa hakuna mashine inayoweza kutoa mfululizo umeme mwingi kuliko unaoingia.

Akikwambia ile nyingine ina wati mara mbili, mjibu kwamba wati mara mbili huongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida kidogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo kati ya wati 50 na wati 100 za kweli usimlipe mtu ziada kubwa.

Ujanja wa tarakimu ni wa ngazi ya chini. Wa ngazi ya juu hauna tarakimu kabisa, na kuuelewa inabidi twende Massachusetts. Mwaka 1956 mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha MIT, Amar Bose, alinunua mashine ya muziki yenye vipimo vya kuvutia kwenye karatasi, akaiwasha, akasikitika. Haikufanana na muziki alioujua wa ukumbini. Akaanza kuchunguza sababu, na mwaka 1964 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Mwaka 1968 ikatoka spika iliyoitwa 901, yenye koni tisa: moja inakutazama, nane zinatazama ukuta wa nyuma, ili sehemu kubwa ya sauti ikufikie baada ya kugonga ukuta.

Mwaka 1970 jarida la Consumer Reports liliipima, likaandika kwamba ala za muziki zilisikika zimevimba na zinatangatanga chumbani. Kampuni ikaenda mahakamani. Ikabishaniwa kwa miaka kama fidla ilikuwa ikizunguka chumba kizima au ilisogea tu ukutani baina ya spika mbili. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984 jarida likashinda, majaji sita dhidi ya watatu. Kutoka kwenye kesi hiyo chukua somo la kwanza la msikilizaji: sema umesikia nini, na umekisikia kikitokea wapi. Maneno ya aina ya “ina mzuka” hayamsumbui mtengenezaji yeyote. “Fidla imehama ukuta” yalimsumbua miaka kumi na minne.

Seti ya kampuni hiyo iliyoleta ubishi wa leo ilitoka mwaka 1987 kwa jina la Acoustimass. Vispika vidogo vya umbo la mchemraba, na kasha moja la besi ambalo unaruhusiwa kulificha nyuma ya kochi. Onyesho lake dukani lilikuwa la kistadi. Wateja waliketi mbele ya yaliyoonekana kuwa makasha makubwa ya spika, muziki ukapigwa, kisha mwonyeshaji akayanyanyua yale makasha, na ndani mkawa na vidude vidogo tu. Watu wakashangilia, wakalipa. Wapenzi wa sauti wakatunga kibwagizo cha kuidhihaki kampuni, kwamba juu hamna kitu na chini hamna kitu. Kilichowakera zaidi ni kwamba kwa miaka mingi kampuni haikuwa ikichapisha vipimo vya masafa ambayo seti zake zinaweza kuyatoa. Mwanzilishi alikuwa ameumizwa na karatasi yenye vipimo vizuri, na kampuni yake ikaishia kutompa mteja karatasi.

Namheshimu Amar Bose. Alifundisha MIT kwa miongo mingi, na mwaka 2011 alikipa chuo hicho sehemu kubwa ya hisa za kampuni yake. Lakini heshima kwa mhandisi hailipi deni la mteja. Anayetaka pesa nyingi kwa spika ana wajibu wa kusema inafika wapi chini na inafika wapi juu. Hilo ndilo swali lako la pili dukani, na liulize hata kama seti inatoka Guangzhou na jina lake hujawahi kulisikia: “Hivi vidogo vinaanzia hezi ngapi, na sabufa inaishia hezi ngapi?”

Ukitaka kujua kwa nini swali hilo linauma, ingia kidogo kwenye fizikia. Sauti ni hewa inayosukumwa. Kadiri sauti inavyokuwa nzito, ndivyo koni inavyotakiwa kusukuma hewa nyingi: ukishuka kutoka hezi 100 hadi 50 kwa ukubwa uleule wa sauti, koni lazima isafiri mbele na nyuma mara nne zaidi. Eneo la koni ya inchi 8 ni kama mara kumi ya eneo la koni ya inchi 2.5. Kudai kispika cha inchi 2.5 kitoe besi ya kujaza sebule ni kumtuma baharia akumbe maji ya jahazi kwa kijiko cha chai. Bidii anayo, ila chombo kitazama.

Mabwana wa Massachusetts wenyewe waliligundua hili zamani. Mwaka 1954 Edgar Villchur alitoa spika ya AR-1, akaonyesha kwamba kasha dogo kuliko makabati ya wakati ule linaweza kushuka chini vizuri, lakini likadai amplifaya yenye nguvu zaidi. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya KLH mwaka 1957, akaiweka kwa hesabu kanuni ambayo mafundi wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann. Kuna mambo matatu: kasha dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme mchache. Chagua mawili. Bango la dukani limekuahidi yote matatu, na la nne kwamba itapendeza na mapazia.

Mtengenezaji anaijua sheria hiyo vizuri, kwa hiyo hugawa kazi. Vidogo hupewa sauti za juu, sabufa hupewa za chini. Mgawanyo huo ni halali na unaweza kufanya kazi vizuri sana. Wale waliounda vigezo vya THX kwa sinema za nyumbani walichagua kugawa kwenye hezi 80, kwa sababu chini ya hapo sikio hushindwa kutambua sauti inatokea upande gani, na sabufa inaweza kukaa popote bila kujulikana. Ila kispika kinachoenea kiganjani hakifiki hezi 80. Kinaanza kuchoka kwenye 200 au juu kidogo. Basi ama sabufa ipande ikifuate huko juu, ama pabaki shimo katikati. Mara nyingi yanatokea yote mawili kwa pamoja.

Na hapo shimoni kuna watu. Sauti ya mwanamume anapoongea huwa na mzizi wake kati ya hezi 85 na 180 hivi, na ya mwanamke kati ya 165 na 255. Ukiwasha taarifa ya habari kwenye seti ya namna hii, utasikia “s” na “t” za mtangazaji zikitoka kwenye kispika kilicho chini ya televisheni, na kifua chake kikitokea kwenye sabufa iliyo kona nyuma ya mlango. Mdomo hapa, kifua kule. Ukilisikia hilo mara moja hutaacha kulisikia tena, na ndiyo maana filamu ya milipuko imewekwa tayari dukani na taarifa ya habari haikuwekwa. Mlipuko hauna kifua. Hakuna anayejua mlipuko wa chombo cha angani unapaswa kulia vipi, kwa hiyo hakuna spika inayoweza kuukosea.

Toa flashi yako. Ndani yake weka sauti tatu unazozijua hata ukiwa usingizini. Kwanza mtu anayeongea bila muziki, mwanamume mwenye sauti nzito: msomaji wa habari, mwalimu wako wa dini, yeyote ambaye umewahi kumsikia ana kwa ana. Pili wimbo wa Bi Kidude. Sijui kipimo bora zaidi ya koo lake kwa spika yoyote ya dunia hii. Sauti yake ina ukwaruzo wa juu na uzito wa chini kwa wakati mmoja, na spika yenye shimo humgeuza bibi wa Zanzibar kuwa mtoto anayelia kwenye simu. Ukikuta hivyo, simamisha wimbo. Huna sababu ya kumsikiliza hivyo.

Tatu weka rumba ya TPOK Jazz ya Franco au kikundi cha taarab chenye besi la kusimama, kama Culture Musical Club, na umfuate mpiga besi peke yake. Sahau gitaa, sahau waimbaji. Uzi mnene kabisa wa besi hulia kwenye hezi 41 hivi, na mpigaji hapigi noti moja: anapanda, anashuka, anajibizana na ngoma. Kwenye sabufa mbovu noti zote zinatoka “dum, dum, dum” za kufanana, kwa kuwa kasha limetengenezwa lipige kelele kwenye sehemu moja tu ya masafa na kila noti inaishia hapo. Watu huisifu kwamba ina besi. Ina noti moja. Mpiga besi wa Franco alitoa jasho kwa noti zote, nawe umelipia zote.

Kabla hujaruhusu wimbo uanze, kagua mambo machache kwa haraka. Vidhibiti vya besi na trebo viwe katikati. Kitufe cha kuongeza besi kizimwe. Na muuzaji asiguse sauti: sikio la mwanadamu likilinganisha vitu viwili, kile kilicho juu kwa desibeli moja au mbili hukiona kizuri zaidi, wala halitambui kwamba ni ukubwa tu. Simu yako inaweza kupata programu ya kupima desibeli. Ishike pale pale ulipokaa, wimbo uleule, sekunde zilezile, usawazishe seti mbili kabla ya kuhukumu. Simu si chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha viwili inatosha. Wauzaji wengi hawajawahi kuombwa hivyo, na utaona wenzake wakisogea kutazama.

Kisha kanga. Hapa namgeukia mpenzi wa sauti, ndugu yangu katika ubishi, kwa sababu naye ana lake la kujibu. Mwaka 1994, katika kampuni ya Harman huko California, watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo mifumo minne ya spika, mara ya kwanza bila kuziona na mara nyingine wakiziona. Mfumo mmoja ulikuwa mdogo na wa bei ya chini, sabufa na vispika, aina ileile tunayoicheka. Pazia lilipokuwa limefungwa ulifanya vizuri. Pazia lilipofunguliwa alama zake zikaanguka. Masikio yalikuwa yaleyale. Macho ndiyo yaliyokuwa yamekwisha kuamua kwamba kitu kidogo cha plastiki hakiwezi kuwa kizuri. Shaka isiyokubali kupimwa ni tangazo jingine, tofauti yake ni kwamba hulipwi.

Kwa hiyo mwombe rafiki ashike kanga mbele ya spika, au itundike kwenye kamba. Kanga ni pamba nyepesi na sauti inapita bila kuumia. Blanketi litaua sauti za juu. Rafiki abadilishe seti bila kukuambia, nawe uandike tu: kifua kiko wapi, noti za besi ni ngapi, Bi Kidude ni mtu mzima au mtoto. Kama seti ndogo imeshinda kwa masikio, inunue na usimwombe msamaha mtu yeyote. Chumba kimoja cha kupanga chenye kitanda, kabati na meza ya chakula hakina nafasi ya masanduku makubwa, na seti ndogo iliyo nzuri inaizidi kwa mbali spika iliyofichwa mgongoni mwa televisheni bapa. Nilichokataa ni kuahidiwa ukumbi na kuletewa redio.

Ikishindwa, na mara nyingi kwa bei hiyo itashindwa, pesa yako ina njia nyingine. Spika mbili, mbili tu, zenye kasha la mbao na koni ya inchi 5 au 6.5, pamoja na amplifaya ya kawaida yenye wati 30 hadi 50 za kweli kwa kila upande. Huna haja ya tano. Sauti ya mtu katika filamu iko katikati, na spika mbili zilizowekwa sawasawa humweka katikati bila msaada. Zilizotumika zinafaa sana, mradi ukague ukingo laini unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji, ubonyeze polepole kwa kidole, kwani sponji huoza kwa miaka, na joto na unyevunyevu wa pwani huiharakisha. Ikiachia unga kidoleni, punguza bei ya kubadilisha ukingo au uondoke. Wa mpira hudumu zaidi. Waya wa kuunganishia usikutoe pesa ya ziada: waya wa shaba wa kawaida wa milimita mraba 2.5 unatosha sebule yoyote, na anayekuuzia wa dhahabu mjibu kwa tabasamu.

Ukifika nyumbani na sabufa, usiisukumie kona ya kwanza yenye nafasi. Kona huongeza besi, na zege na vigae huirudisha yote. Sebule yenye urefu wa mita 4 ina mwangwi wake wa kudumu karibu na hezi 43, karibu kabisa na ule uzi mnene wa besi, kwa hiyo kuna sehemu za chumba ambako noti hiyo hunguruma na sehemu ambako hupotea kabisa. Njia ya kupata mahali pake ni ya zamani na inafanya kazi, ingawa watoto watakucheka. Iweke sabufa juu ya kochi, pale pale unapokaa wewe. Piga wimbo wa besi inayopanda na kushuka. Kisha piga magoti na utambae kando ya kuta, kichwa kikiwa usawa wa sakafu, ukisikiliza. Chumba hakijali nani kakaa wapi: pale ambapo wewe unazisikia noti zote sawa wakati sabufa iko kwenye kochi, ndipo sabufa ikikaa utazisikia noti zote sawa ukiwa umerudi kwenye kochi. Weka alama kwa chaki. Pengine itakuwa hatua moja tu kutoka pale ulipotaka kuiweka, pengine itakuwa katikati ya njia ya kwenda jikoni, na hapo ndipo utakapoanza mazungumzo mengine na wenye nyumba.